Kifua Changu na Kigari cha Mzee Rotich

Jumamosi, 5 Juni 2004

Naomba radhi kwa ukimya huu. Mara ya mwisho kuandika katika daftari hili ilikuwa Julai mwaka jana, siku moja kabla ya kulazwa hospitalini kwa nimonia. Nilitoka baada ya siku tisa, nikaliona daftari mezani, nikaona haya kulifungua. Mtu aliyefundisha Kiswahili shuleni Misikhu, upande wa Bungoma, kwa miaka thelathini na minne, akiwaambia wanafunzi kwamba shajara huandikwa hata siku isiyo na jambo, hana udhuru. Basi nisijaze ukurasa mzima kwa kuomba msamaha.

Nimerudi kwa sababu nina kazi mpya. Tangu nihamie hapa Kitale nimekuwa karani wa alama katika klabu ya gofu. Sasa Mzee Rotich, mwanachama mwenye umri wa miaka sabini na minane aliyebadilishwa nyonga, amenunua kigari cha gofu kutoka Nairobi. Kinatumia betri. Hakina mlango wala dirisha, na katika mwaka huu ambao kila gari la abiria limelazimishwa kutia mikanda, hiki hakina hata uzi. Hataki kedi yeyote, wale vijana wabebao fimbo, akiguse. “Nataka mtu mwenye leseni na mwenye adabu,” alisema mbele ya kamati. Leseni yangu ni ya mwaka 1969 na haina doa.

Binti yangu Roselyne, ambaye ni muuguzi kule Bungoma, alipopata habari alinipigia simu papo hapo.

“Papa, kigari wazi, asubuhi, Kitale, mwezi wa saba? Na hicho kifua?”

“Nitavaa vizuri.”

“Mwaka jana pia ulivaa vizuri. Ulivaa tai.”

Tulibishana hadi salio lake likaisha. Mwishowe tumeandikiana mkataba, naye ameutuma kwa basi, nami nimetia sahihi. Ikifika tarehe 15 Agosti kifua changu kikiwa kizima, nitabaki Kitale na jambo hili halitazungumzwa tena. Kikiugua hata mara moja, nitafunga vitabu vyangu na kuhamia kwake Bungoma, ambako kuna joto. Sitaki kuhama. Hapa nina chumba changu, kazi yangu na saa zangu.

Jumanne, 8 Juni

Ukungu. Mashimo tisa. Vidole vilikataa kushika kalamu hadi saa tano.

Alhamisi, 10 Juni

Nimegundua jambo. Anayetembea uwanjani hujipasha moto kwa miguu yake mwenyewe. Anayeendesha kigari hukaa kama gunia, na upepo wa mlimani humpitia kifuani kwa mwendo ambao yeye mwenyewe ndiye anayeuongeza. Kadiri ninavyoharakisha ndivyo ninavyoganda.

Kiptanui, msimamizi wa wakata nyasi, alitusimamisha karibu na shimo la tatu.

“Mwalimu, si waliniambia hii gari ni ya betri, hainguruma?”

“Hakingurumi,” nikamwambia. “Ni kimya kabisa.”

“Ati kimya? Basi hiyo nasikia ni meno yako, bana.”

Mzee Rotich alicheka mpaka akashika nyonga. Mimi sikuona la kuchekesha.

Jumatatu, 14 Juni

Nimevaa magazeti chini ya shati, kurasa nilizokwisha kuzisoma tu. Kifua kinapata joto, lakini kila ninapogeuza usukani nasikika. Mzee Rotich alikuwa amesimama tayari kupiga, akashusha fimbo. “Nani anasoma gazeti wakati mimi napiga mpira?”

Jumamosi, 19 Juni

Niandike kuhusu Chemutai. Ndiye mpishi wa klabu, mwanamke wa makamo aliyezaliwa huko juu Mlima Elgon, na husema kila linalomjia. Leo nilipoingia jikoni kujaza chupa ya chai alitazama miguu yangu.

“Mwalimu, wewe unavaa viatu ya kanisa kwa umande?”

“Viatu vya kanisa,” nikamsahihisha.

“Sawa. Viatu vya kanisa. Na vidole vya kukatwa.”

Akanionyesha koti zito lililoning'inia nyuma ya mlango, la mitumba, lenye ukosi wa manyoya. Ni koti la kike. Vifungo viko upande usio wake. Nilimshukuru, nikamweleza kwamba mtu aliyesimama mbele ya madarasa hawezi kuonekana hadharani katika vazi hilo. Akasema, “Haya. Baridi haiangalii cheti.” Namwona ni mtu asiye na staha.

Jumamosi, 26 Juni

Mvua kuanzia saa saba. Hakuna mchezo. Nilinyoosha shati.

Ijumaa, 2 Julai

Nimekohoa mara mbili alfajiri, na mara ya tatu Roselyne alipokuwa kwenye simu. Hupiga kila jioni saa moja.

“Papa, hiyo ni nini?”

“Ni kiti.”

“Kiti kimekohoa?”

“Kimesogea.”

Nimemdanganya mwanangu. Sikumbuki mara ya mwisho kufanya hivyo. Nilikunywa maji ya tangawizi na kulala mapema, nikiona vitabu vyangu vikipakiwa katika makatoni.

Jumapili, 4 Julai

Kikohozi kimetoweka. Hata hivyo siwezi kuendelea hivi. Wakati wa mahubiri nilipata wazo, na namwomba Mungu radhi kwamba sikusikia mahubiri. Kama kigari hakina kuta, basi kijengewe kuta.

Jumanne, 6 Julai

Nimenunua mita nane za nailoni nzito, waya na sindano ya magunia. Kiptanui alinikuta nikishona.

“Mwalimu, hiyo ni gari ama ni bafu?”

Nikamwambia angoje Jumamosi.

Jumamosi, 10 Julai

Naandika haya jioni, nimeketi kitandani, mlango ukiwa wazi kwa amri ya Chemutai ingawa baridi inaingia.

Tulianza saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimekizungushia kigari nailoni pande zote, nikaacha kijidirisha cha kuonea njia na upande mmoja wa kufungua na kufunga Mzee aliposhuka. Chini, kati ya miguu yetu, niliweka jiko dogo lenye makaa mekundu. Hadi shimo la nne nilijiona mtu mwenye akili. Mzee Rotich alifungua kifungo cha kwanza cha koti, kisha cha pili.

“Mwalimu,” akasema, “hapa ni Mombasa.”

Shimo la sita alisema kichwa kinamgonga kidogo. Changu pia kilikuwa kinagonga. Nikailaumu chai niliyokunywa bila kula. Shimo la saba aliniambia niandike tano. Nimeitazama kadi jioni hii. Niliandika tano katika shimo la saba, tena katika la nane, na tena katika la kumi na mbili, ambalo hatukulifikia. Katika maisha yangu yote sijawahi kuandika alama ambayo mtu hakuipata.

Shimo la nane hakushuka. Kidevu kilikuwa kimeangukia kifua. Nikawaza: mzee amechoka, acha apumzike katika joto. Nikaendelea kuendesha. Nakumbuka niliona bendera mbili nikachagua ya kushoto. Upande wa kushoto hapana bendera. Kuna bwawa.

Yaliyobaki nimeelezwa. Chemutai alikuwa akivuka uwanja na birika la chai ya wachezaji. Aliona kigari kikienda mrama, kikiteremka polepole kuelekea majini, na hapana aliyegeuza usukani. Alitupa birika, akakimbia, akairarua nailoni kwa mikono, akanishika kwa tai na kunivuta nje. Mguu ulipotoka kwenye kichapuzi, kile kikanyagio cha mwendo, kigari kilisimama, magurudumu ya mbele yakiwa tayari majini. Kisha akamvuta Mzee kwa upande wa pili, na jiko akalipiga teke likaingia bwawani, likalia kwa hasira.

Hewa baridi iliponipiga usoni nilitapika. Nilitapikia viatu vya kanisa.

“Mwalimu! Unataka kuua mzee wa watu?”

Chemutai alininyooshea kidole, nami nikijifuta mdomo kwa ncha ya tai.

“Kwetu Kapsokwony hata mtoto wa miaka tano anajua, jiko haikai ndani kama nyumba imefungwa. Inatoka nje kwanza, ndio mlango inafungwa. Nyinyi watu wa chini mlifundishwa nini?”

Sisi watu wa chini, tuliozaliwa kwenye joto, hatukufundishwa hilo. Kwetu jiko hukaa uani, au katika kibanda cha nyasi chenye matundu kila upande, na hakuna mtu afungaye mlango kwa ajili ya kulinda joto. Nimefikisha umri wa miaka sitini na saba bila kulijua jambo ambalo kila mtoto wa mlimani analijua, na kwa ujinga huo nusura nimuue mtu aliyeniamini. Aliendelea kunikaripia kwa dakika nyingi. Sikumsahihisha neno hata moja.

Mzee Rotich alifumbua macho akatazama maji.

“Tuko shimo la ngapi?”

“La nane, Mzee.”

“Na mpira wangu?”

“Uko nyuma.”

“Basi turudi nyuma. Kwa miguu.”

Alijaribu kusimama, akakaa tena kwenye nyasi. Daktari mmoja aliyekuwa akicheza nyuma yetu alitupima wote wawili na kusema tumeponea chupuchupu, kwamba hewa ya makaa ni sumu. Mzee alinishika mkono. “Mwalimu, hii nyonga ni ya daktari. Lakini kichwa bado ni changu. Usikipike.”

Kiptanui na wanaume wanne walikivuta kigari kutoka bwawani. Hakutania hata kidogo, na hilo lilinitisha kuliko maji.

Chemutai alinisindikiza hadi mlangoni. “Usiambie binti yako,” akasema. “Mkataba yenu ni ya kifua. Hii ilikuwa kichwa.” Nilimsikiliza. Lakini kile kiti kilichosogea kilikuwa kingali kinanikera rohoni. Saa moja simu ilipolia nilimweleza Roselyne yote, pamoja na kikohozi cha tarehe mbili. Akasema tu, “Nakuja.”

Jumapili, 11 Julai

Amefika kwa basi la kwanza, sare ya zamu ya usiku ikiwa chini ya sweta. Hakunisalimu. Alitoa chombo chake cha kupimia, akanigeuza mbele na nyuma.

“Vuta pumzi. Achilia. Tena.”

Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. “Kifua ni safi,” akasema. Nilitazamia afurahi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshindwa. Naliandika hili kwa sababu sikulielewa.

“Mkataba unasema kifua,” nikamkumbusha.

“Ningejua, Papa, ningeandika na kichwa.”

Nilimpeleka jikoni mwa klabu amshukuru Chemutai. Walizungumza wakimenya viazi, nami niliambiwa nikae karibu na mlango, ulio wazi. Kabla ya kuondoka Roselyne alimshika mikono. “Mama, mimi nafanya kazi mbali. Wewe ndiye nakuachia huyu.”

“Wacha yeye,” Chemutai akasema. “Kama atasikia.”

“Hatasikia. Mlazimishe.”

Jumanne, 13 Julai

Nimelazimishwa. Chemutai anasema nilianzia mahali pasipofaa: nilikuwa nikipasha moto hewa, na hewa haina shukrani. Huko kwao mtu huanza na miguu. Amenipa kasha la mbao lililokuwa la soda, amelijaza maganda makavu ya mahindi, na katikati amezika jerikeni ya lita tano yenye maji ya moto, mfuniko umekazwa. Viatu vinabaki mbali. Miguu inaingia ndani ya maganda na soksi mbili za sufu. Pande za kigari ziko wazi. Nailoni imebaki mbele tu, kama kioo. Kila shimo, Mzee akishuka, nami sharti nishuke nitembee hadi kwenye bendera na kurudi. Na katika kila mfuko wa koti, kiazi kitamu kilichotoka chunguni sasa hivi, kimefungwa kwa kitambaa.

Nilipouliza koti lipi, alielekeza kidole nyuma ya mlango.

Jumatano, 14 Julai

Nimelivaa. Ukosi wa manyoya unafika masikioni. Kiptanui aliliona akiwa mbali, akaacha mashine ya nyasi ikijiendea.

“Shikamoo mama!”

“Marahaba,” nikamjibu, nikapita. Sijui jibu hilo lilitoka wapi. Mzee Rotich alikosa mpira mara mbili kwa kucheka.

Lakini niliandika kadi nzima asubuhi kwa mwandiko ulionyooka.

Jumanne, 20 Julai

Kufika shimo la tisa kiazi cha mfuko wa kushoto kilikuwa kimepotea. Mzee Rotich alikuwa akitafuna akitazama mawingu. Chemutai sasa ananipa vinne.

Jumamosi, 24 Julai

Baridi kali kuliko zote. Nyasi zilikuwa nyeupe chini ya miti. Kiptanui alikuja kunisalimu akiwa ameingiza mikono yote miwili mifukoni. Nilimwomba anionyeshe njia ya mchepuko kuelekea shimo la kumi na nne. Alionyesha kwa kidevu.

“Tumia mkono, Kiptanui.”

“Mkono iko kazi.”

Kulikuwa na mvuke ukitoka mfukoni mwake. “Si wewe pekee uko na kifua,” akasema, akaenda zake.

Chemutai naye amenieleza jinsi mumewe alivyofariki, miaka kumi na mmoja iliyopita, na jinsi alivyoteremka kutoka mlimani na watoto watatu kutafuta kazi. Wa kwanza yuko chuo cha ualimu. Mama yake ananitaka niyatazame maandishi yake. Nilipoandika mwezi uliopita kwamba hana staha, nilikuwa nimeandika upesi.

Ijumaa, 30 Julai

Hakuna jambo. Mashimo kumi na manane. Joto miguuni.

Jumamosi, 7 Agosti

Mvua asubuhi. Roselyne kwenye simu: “Umekohoa?” Hapana. “Hata kidogo?” Hata kidogo. “Haya basi,” akasema, lakini hakukata simu. Aliniuliza nimekula nini. Nikamwambia viazi.

Jumamosi, 14 Agosti

Mashindano ya kufunga msimu. Mzee Rotich hajamaliza mashimo kumi na manane ya mashindano tangu apasuliwe, na kamati ilimwambia kwa upole aandike jina lake kwa mashimo tisa. Alikataa. “Niko na dereva,” akawaambia.

Shimo la kumi na tano mvua ya mawe ilitushukia ghafla. Wachezaji walikimbilia mitini. Sisi tulibaki garini, mawe yakigonga paa kama watu wenye haraka ya kuingia, tukiwa tumetia miguu yote minne katika kasha moja la maganda, blanketi la Chemutai mabegani mwetu na kiazi mkononi mwa kila mmoja.

“Mwalimu,” akasema, “mke wangu akituona hivi atauliza maswali.”

Mawe yalipokoma alishuka, akafagia njia ya mpira wake kwa kiatu, akapiga. Alimaliza wa mwisho kati ya wote. Alipotia mpira katika shimo la kumi na nane, Kiptanui na wakata nyasi wote walimpigia makofi, na Chemutai akapiga vigelegele mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi. Nilihesabu alama zake mara tatu, kwa sababu macho yalikuwa na maji. Ilikuwa baridi.

Jumapili, 15 Agosti

Bungoma. Nimekuja mwenyewe, mkataba mfukoni, ili nipimwe siku ileile iliyoandikwa.

Roselyne alinipima sebuleni. Mbele, nyuma, vuta, achilia. “Umeshinda, Papa,” akasema, akatia sahihi chini ya sahihi yangu. Nilifurahi kama mtoto. Nilimsimulia habari za mawe na makofi, naye alicheka mahali panapostahili.

Kisha nikatafuta taulo ya kunawia, nikafungua mlango usio wa bafu.

Ni chumba. Kitanda kimetandikwa. Dirishani pana meza, na kando ya meza kuna rafu ndefu za vitabu, tupu, mbao zake zimepigwa msasa na kupakwa rangi. Nilikaa kwenye kiti. Meza imekatwa kwa kimo changu. Mimi ni mrefu. Meza za dukani hunikunja mgongo. Aliyeagiza meza hii alijua.

Roselyne alikuwa amesimama mlangoni.

“Fundi alimaliza lini?” nikamuuliza.

“Mwezi wa tatu.”

Mwezi wa tatu hapakuwa na kigari, wala baridi, wala mkataba. Kifua changu kilikuwa kimepona tangu mwaka jana.

“Wajukuu zako, Kevin na Emmy, wako shule za bweni, hata likizo hii wamebaki kwa masomo ya ziada,” akasema. “Baba yao anakuja Krismasi na Pasaka. Nikitoka zamu nafungua mlango, naweka mkoba, nawasha redio ili kuwe na mtu anaongea. Basi.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ningesemaje, Papa? Wewe huwezi kuombwa. Tangu tukiwa wadogo, ukiombwa unauliza sababu, na sababu isipotosha unasema hapana. Nikaona kifua ni sababu ya kutosha.” Akajaribu kutabasamu. “Sasa kifua chenyewe kimekuwa kizima. Huyo Chemutai wako ameniharibia.”

Tulicheka wote wawili. Alikwenda kuweka maji ya chai. Hakuniomba nibaki. Mkataba unasema jambo hili halitazungumzwa tena, naye ni binti yangu. Anaheshimu alichokitilia sahihi.

Jumanne, 17 Agosti

Nimerudi Kitale. Nilimwambia Chemutai yote alipokuwa akikanda unga. Hakunipa shauri, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alisema tu, “Sasa ndio umeulizwa swali.” Mzee Rotich alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama nyonga yake, akatazama kigari. “Mimi naweza kupata dereva,” akasema. “Si mzuri. Lakini naweza kupata.”

Kwa majuma kumi nilipigania kutohama, nikashinda kwa haki, na sasa sina mtu wa kushindana naye. Nikibaki, hakuna atakayenilaumu. Nikienda, hakuna aliyenilazimisha. Uamuzi wa namna hii sijaufanya tangu nioe.

Leo nimempigia Roselyne mimi, kabla hajanipigia, nikamwambia ukweli: nataka kubaki, na nataka kuja, na nahitaji hadi mwisho wa mwezi. Akasema, “Chukua muda, Papa. Meza haiendi popote.” Nitakapokuwa nimeamua nitaandika hapa, siku hiyohiyo, kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye.